Prelude mpya ya Honda kwa pauni 40,995: inastahili, au unalipia jina?

Swali limetoka kwa kaka mmoja wa Mombasa anayeishi Reading, Uingereza. Ameandika hivi: "Fundi, salamu. Mimi ni nesi, nina mke na mtoto wa miaka minne, naendesha Jazz ya zamani. Nimeiona Prelude mpya, ile Honda ya kispoti ya milango miwili, bei pauni 40,995, nimeipenda mpaka usingizi unanipotea. Nina akiba ya elfu nane ya kuanzia, iliyobaki nataka kuchukua PCP, ule mkopo wa gari wa kulipa kila mwezi. Mke wangu kaiangalia akasema hiyo ni Civic iliyopunguzwa milango. Je, inastahili hiyo pesa? Na tukirudi nyumbani baada ya miaka miwili hivi, naweza kwenda nayo Mombasa?"

Waalaykum salaam kaka. Nakupa jibu kwanza afu ndio tuongee vizuri: gari ni nzuri, nzuri kweli, lakini kwa bei hiyo na kwa maisha yako ulivyoyaeleza, usiinunue mpya sasa hivi. Shemeji yuko sahihi nusu. Nusu nyingine hajaiona kwa sababu ile nusu haionekani ukiwa umesimama nje ya gari, inabidi ukae kwenye usukani, na ndio hiyo inayowachanganya watu hata waandishi wa magari, mmoja anaisifia sana mwingine anaiponda na wote wawili hawadanganyi.

Tuanze na nusu ya shemeji. Chini ya boneti ya Prelude kuna mfumo uleule wa haibridi ulioko kwenye Civic e:HEV. Injini ya petroli ya lita 2.0, mota mbili za umeme, betri ndogo ya kilowati-saa moja hivi, jumla ya nguvu kwa hapa Uingereza farasi 184. Civic nayo farasi 184. Msukumo Nyutoni-mita 315, Civic nayo 315. Kutoka kusimama mpaka maili 62 kwa saa, yaani kilomita 100, Honda wenyewe wanasema Prelude inachukua sekunde 8.2, na Civic inafanya muda huohuo au chini yake kidogo. Soma tena hapo. Gari ya familia ya milango mitano haiachwi na gari ya kispoti ya kampuni ileile, na hiyo ya familia unaipata kwa kuanzia elfu 36 hivi. Golf GTI kwa pesa inayokaribia ya Prelude ina farasi 265 na inafika hapo chini ya sekunde 6.

Afu kuna kitu kinawauma watu wa zamani. Prelude ilianza 1978, zikaja za kizazi cha pili mpaka cha tano, ya mwisho ikatoka 1996 na uzalishaji ukafungwa 2001. Ile ya tatu, ya 1987, ndio ilikuja na magurudumu ya nyuma yanayokata kona pamoja na ya mbele, bila kompyuta, kwa vyuma na gia tupu, watu walishangaa sana enzi hizo. Ile ya mwisho huko Japan kulikuwa na toleo la Type S lenye injini ya lita 2.2 ya VTEC, farasi 220. Kwaiyo mtu aliyekuwa na Type S mwaka 2000, leo akinunua mpya anapunguziwa nguvu. Ndio maana ukisoma maoni ya wazee wa Honda utaona wanalalamika kuhusu namba, na kwa namba tupu wana haki yao.

Sasa nusu ambayo shemeji hajaiona. Kutoka kwenye tairi kuja juu, hii sio Civic ya kawaida. Sehemu ya mbele wameichukua kutoka kwa Civic Type R, ile Civic ya kispoti ya farasi 329. Mfumo wa kawaida wa gari za kuvuta mbele, gurudumu likigeuka linageuka pamoja na shokomzoba yenyewe, yaani mhimili wa kukata kona uko mbali na katikati ya tairi, na ukikanyaga mafuta kwa nguvu ukiwa kwenye kona usukani unakuvuta mkono. Wa Type R wametenganisha, shoko linabaki wima halizunguki, kinachozunguka ni kipande cha chini kilicho karibu na gurudumu. Hiyo inapunguza ule mvutano sana. Na kwa haibridi ni muhimu zaidi kuliko unavyofikiria, maana mota ya umeme inatoa msukumo wake wote papo hapo, haingoji injini ipande mizunguko. Breki za mbele ni Brembo za pistoni nne, hizohizo za Type R, zimepakwa bluu. Shoko ni zile zinazobadilika ugumu kulingana na barabara na mode uliyochagua, kuna Comfort, GT na Sport. Na umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma wameukata kwa milimita 130 ukilinganisha na Civic, hiyo ni karibu upana wa kiganja na nusu, kwenye gari ni nyingi mno.

Matokeo yake unayapata kwenye barabara ndogo. Nimeiendesha kwenye barabara moja ya mashambani, zile za ua pande mbili, lami imekwanguka kwanguka pembeni, na kuna kona moja inashuka huku inajikunja zaidi kadri unavyoingia. Kona ya namna hiyo gari nyingi za kuvuta mbele zinaanza kusukuma pua nje, unaongeza usukani, hazisikii. Prelude niliingia nayo, nikagusa breki kidogo katikati, pua ikaingia ndani kama nilivyotaka na mkia ukafuata taratibu bila kunishtua. Shimo lililoko pale mwisho wa kona lilipita chini ya mguu nikalisikia lakini halikuniruka mkononi. Gari iliyokaa vizuri hivo kwa farasi 184 ina maana wale wahandisi wangeweza kuiongezea mia nyingine na isingelalamika. Hapo ndipo napenda na hapohapo ndipo naumia, yaani wamejenga mwili wa mwanariadha wakaupa mapafu ya karani.

Kuna hii S+ Shift nayo lazima niiongelee maana ndio wanaitangaza sana. Gari haina gearbox ya kawaida. Muda mwingi mjini injini inazalisha umeme tu na mota ndio inasukuma magurudumu, ukifika spidi ya motorway klachi inafunga na injini inasukuma moja kwa moja. Haina gia za kubadilisha. Sasa ukibonyeza kile kitufe cha S+, kompyuta inaigiza gia nane, ukivuta paddle za nyuma ya usukani injini inapanda na kushuka kama inabadilisha, spika zinaongeza mlio, na unasikia kabisa kagari kanakusukuma shingo kidogo pale "gia" inapoingia. Nilikuwa na wasiwasi nayo kabla sijaijaribu. Kiukweli imefanywa kwa ufundi mkubwa, ukishuka gia kabla ya kona mizunguko inaruka palepale kwa wakati, mtu asiyejua anaweza kuapa kuna gearbox ndani. Lakini ni maigizo, na mtu anayependa kuendesha gari kwa maana ya gia za mkono, mguu kwenye klachi, hicho hakipo na hakitakuja, Honda hawatoi Prelude ya manual. Kama umekulia kwenye gari za manual na ndio raha yako, malizia kusoma hapa uende kutafuta kitu kingine.

Ndani sasa. Dashibodi ni ya Civic karibu yote, na sio mbaya, dashibodi ya Civic ni moja ya zile safi kabisa sokoni, vitufe vya kiyoyozi vya kuzungusha kwa mkono vipo, huchimbi kwenye skrini kutafuta joto. Viti vya mbele ni vizuri, na cha dereva wamekitengeneza kigumu zaidi ubavuni kuliko cha abiria, ili dereva ashikwe kwenye kona na abiria apumzike, nimependa sana wazo hilo. Lakini kwa elfu 41 unakisogeza kwa mkono, hakuna mota. Kuna gari za elfu 28 zina viti vya umeme.

Nyuma, kaka, hapo ndipo unanipa wasiwasi wewe na mtoto wako wa miaka minne. Viti viwili vipo, ISOFIX ipo, yaani vile vishikizo vya kufungia kiti cha mtoto. Sasa fikiria: umetoka shifti ya usiku, mvua ya Reading inanyesha, mtoto kalala begani. Unafungua mlango, mlango wa gari ya milango miwili ni mrefu, kwenye parking ya supamaketi ukibanwa na jirani haufunguki hata nusu. Unalaza kiti cha mbele, unainama, paa liko chini, unampitisha mtoto kwanza kichwa, unaingiza mkono mmoja kufunga mkanda huku kiuno kimekunjika na mkono mwingine unazuia kiti kisirudi. Nimejaribu kufunga kiti cha mtoto mule nikiwa sina haraka yoyote na jasho lilinitoka. Mtu mzima kukaa nyuma, kichwa kinagusa kioo. Buti kwa upande wake ni zuri, mlango mzima wa nyuma unainuka na ukilaza viti unaingiza hata baiskeli, hilo siwezi kuwanyima. Gari ya pili nyumbani, sawa kabisa. Gari moja tu ya familia ya watu watatu, hapana, na kwenye ujumbe wako sijaona gari ya pili.

Twende kwenye bei yenyewe sasa maana ndio swali lako. Japan walianza kuiuza Septemba 2025 kwa yen 6,179,800. Civic Type R ilipotoka huko mwaka 2022 ilikuwa yen 4,997,300. Yaani Prelude yenye nguvu pungufu sana imetoka kwa bei iliyoipita Type R ya juzi kwa zaidi ya yen milioni moja. Walipanga kuuza 300 tu kwa mwezi, na mwezi wa kwanza zikaagizwa kama 2,400, wanunuzi wengi wakiwa watu wa miaka 50 na kuendelea, wale waliokuwa vijana miaka ya 80 wakati Prelude ilikuwa ndio gari ya kumtoa mchumba. Watu hao nyumba wameshalipa, watoto wameshakua, wana pesa na wana kumbukumbu. Hapo ndipo bei imepangiwa. Marekani ni dola 42,000 kabla ya usafirishaji na baadhi ya wauzaji wakaongeza juu yake.

Sio kwamba Honda wanaiba. Bodi ya Prelude haitumiki na gari nyingine yoyote, kila kipande cha bati kina umbo lake na mashine yake ya kukikandamiza, na gharama hiyo inagawanywa kwa gari chache zinazotengenezwa pale Yorii, Japan. Ongeza vyuma vya Type R. Bei inaelezeka. Ila kuelezeka kwa bei hakukuongezei wewe chochote, sababu za kiwanda ni za kiwanda, wewe unachouliza ni ukitoa elfu 41 unapata nini ambacho hupati kwingine.

Na kuna jambo hapa Uingereza ambalo muuzaji hatakuanzia nalo. Gari yoyote ambayo bei yake ya orodha ikiwa mpya imepita pauni 40,000 inalipa nyongeza ya road tax, wenyewe wanaiita ya gari za gharama. Viwango vya kuanzia Aprili 2026 ni pauni 440 kwa mwaka juu ya ile 200 ya kawaida, kuanzia mwaka wa pili mpaka wa sita. Miaka mitano hiyo, zaidi ya elfu mbili. Prelude ni 40,995. Imevuka mstari kwa chini ya pauni elfu moja! Nilivyoiona hiyo namba mara ya kwanza nilihisi kuna mtu hakupiga hesabu, maana wangeiweka 39,995 wangemsaidia mnunuzi elfu mbili bila wao kupoteza hata nusu yake. Na usije ukadhani ukimbembeleza muuzaji akakushushia mpaka 38 utaikwepa. Inayoangaliwa ni bei ya orodha na vikorombwezo vya kiwandani, sio uliyolipa. Na ukiinunua mtumba ikiwa na mwaka mmoja au miwili bado unairithi, mpaka mwaka wa sita uishe. Waliopandishiwa kizingiti mpaka 50,000 ni magari ya umeme tupu peke yake, haibridi hazimo.

Sasa PCP. Watu wetu wengi hapa tunaangalia ile namba ya mwezi tu, "nikilipa mia nne na kidogo naimudu", tunasaini. Nikupe mfano wa kutunga ili uone inavyofanya kazi. Bei 40,995, unatoa 8,000, inabaki 32,995. Tuseme wanakwambia baada ya miaka minne gari itakuwa na thamani ya 19,000, hiyo ndio balloon, unaiahirisha mwisho. Wewe unalipa tofauti, 13,995, gawanya kwa miezi 48 ni karibu 292. Nafuu, sio? Lakini riba hailipwi kwenye hiyo 13,995 peke yake, inalipwa kwenye deni lote pamoja na ile 19,000 ambayo hujaigusa. Kwa riba ya asilimia 6 hiyo ni kama pauni 130 nyingine kila mwezi, tupo 420. Weka bima, na kabla hujafanya chochote chukua kadirio la bima kwa postcode yako, gari mpya ya milango miwili yenye neno sport kwenye mauzo yake bima haiipokei kama Jazz. Weka 53 ya road tax kwa mwezi. Baada ya miaka minne umetoa ile elfu nane yako, umetoa elfu ishirini na kitu za kila mwezi, na gari sio yako bado, ama utoe 19,000 ama urudishe ufunguo. Kwa nesi mwenye mtoto mdogo na mpango wa kurudi nyumbani, mi hiyo inanitia uchungu.

Vitu vingine kwa pesa hiyo au pungufu vipo, nakutajia ninavyoviamini. Kama unachotaka ni kuendesha tu, raha ya mkono na mguu, Mazda MX-5 yenye injini ya 2.0 nayo ina farasi 184 lakini ni nyepesi mno, ina gia za mkono, inasukuma nyuma, na bei yake iko chini sana ya Prelude. Ni ya watu wawili tu, kwaiyo kwako haifai kama gari ya pekee. Toyota GR86 iliuzwa hapa kuanzia 29,995 mwaka 2022 na ikaisha, sheria za usalama za Ulaya zikaifungia mlango 2024, lakini mtumba zipo na hazishuki bei kirahisi, ukiinunua leo na kuiuza baada ya miaka miwili hasara yako inakuwa ndogo. BMW 220i ya milango miwili ina farasi zilezile 184, inasukuma nyuma, kiti cha nyuma cha binadamu kweli, na bei inakaribiana na Prelude ikiwa mpya, ila mtumba ya miaka miwili mitatu imeshuka vizuri. Na kama roho inataka Honda, Civic e:HEV ya mwaka mmoja. Injini ileile, mafuta yaleyale zaidi ya maili 50 kwa galoni, milango minne ya abiria, mtoto anapanda mwenyewe. Kwenye kona haitakuwa Prelude, lakini Civic ya kizazi hiki inakata kona vizuri kuliko watu wanavyoipa sifa.

Nani basi namwambia nunua? Mtu ambaye ana gari nyingine ya familia, anasafiri umbali mrefu kila siku na anataka kitu kinachokula mafuta kama cha mzee lakini Jumapili asubuhi kinamfurahisha, hataki kusikia harufu ya klachi kwenye foleni ya barabara kuu ya M4, na anapanga kukaa nayo miaka kumi. Huyo Prelude itamfaa kuliko Golf GTI, nasema bila kusita. GTI ni ya haraka zaidi lakini inakunywa, na haina ule upole wa Prelude barabarani. Na kama fundi niongeze, huu mfumo wa mota mbili wa Honda ninaufahamu kwa mikono, haujajazwa vipuri vya kuchakaa, hauna turbo, hauna mkanda wa CVT, hauna starter ya kawaida, breki zinadumu kwa sababu mota inafanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo. Gari ya kukaa nayo ni hii. Shida yake iko siku ya kununua.

Ukiniuliza bei yangu ni ngapi, mi naiona Prelude ni ya pauni 33,000. Hapo naitoa pesa bila kugeuka nyuma. Na itafika hapo. Gari mpya ya bei hii, isiyo na nguvu za kutisha, ambayo wazee wake wa kuinunua kwa kumbukumbu ni wachache hapa kuliko Japan, haiwezi kubaki juu, za maonyesho zenye maili elfu tatu nne zitaanza kuachiwa na wauzaji, na za PCP zitakuja baada yake. Subiri. Hiyo elfu nane iache ikue, Jazz yako isukume, Jazz haifi. Baada ya mwaka na nusu tafuta Prelude ya mtumba iliyomilikiwa na mtu mmoja tu, service ya Honda imegongwa yote, uangalie rimu za inchi 19 kama hazijakwaruzwa kwenye kingo, maana tairi zake ni nyembamba, 235/40, na kingo za barabara za hapa hazina huruma. Ikiwa na alama kwenye rimu zote nne jua mwenyewe alikuwa hajali na huko chini usikokuona ni vilevile.

Kuhusu Mombasa. Hapa una bahati moja, ya Uingereza ina usukani wa kulia, Kenya inakubali, tofauti na ndugu zetu walioko Marekani ambao ya kushoto hawawezi kuisajili huko. Sheria ya Kenya gari isizidi miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza, Prelude bado sana. Na kama wewe ni mkazi unayerudi kwa kudumu, ukiwa umeishi nje angalau miaka miwili, unaruhusiwa kuingiza gari moja bila ushuru mradi uwe umeimiliki na kuitumia huku angalau miezi 12. Neno kubwa hapo ni kuimiliki. Gari iliyoko kwenye PCP mwenyewe ni kampuni ya mkopo mpaka ulipe ile balloon, kwenye V5C, yaani kitabu cha usajili wa gari cha hapa, jina lako ni la mtunzaji wa gari tu, huwezi kuipandisha meli bila ruhusa yao, na kule bandarini watataka kuona ushahidi kwamba ni yako. Kwaiyo mpango wa PCP ya miaka minne na kurudi baada ya miwili haviendani kabisa, hata ungekuwa umeipenda namna gani ungelazimika kuilipa yote kabla ya kusafiri au kuirudisha.

Na hata ikifika, kaka, fikiria matuta. Gari imekaa chini, pua ndefu, na matuta ya njia ya Malindi unayajua, mengine yamejengwa na wanakijiji usiku. Siku jiwe likipiga kioo cha mbele au bodaboda akikugusa kwenye bampa, bodi ile haiingiliani na Civic wala Accord, kipande chochote cha nje ni kuagiza na kungoja. Injini na haibridi yake sina wasiwasi nayo, mafundi wa haibridi Mombasa sasa hivi wapo wazuri na Honda haibridi zimejaa. Ukitaka Honda ya kurudi nayo nyumbani, ile Civic ndio ipande meli, ukiwa umeilipa kwa jina lako, na miezi 12 yako uianze kuhesabu kutoka siku ile kitabu hicho cha gari kinapotoka.